Rangi Milioni Kumi na Sita, Habari Hata Moja

Kati ya vipande vyote vinavyokaa ndani ya kasha la kompyuta, diski ndiyo niliyoamini kwamba haitavishwa taa kamwe. Feni ikiwekewa taa naelewa. Inazunguka, ina sura ya kutazamwa. Kadi ya michoro naelewa pia, maana mara nyingi ndiyo ghali kuliko vyote na aliyeinunua anataka ionekane. Lakini diski? Enzi zote diski ilikuwa mtu wa gizani. Inasukumwa kwenye tundu la chuma pale chini, inakazwa skrubu nne, kisha inasahauliwa hadi siku itakapokufa na familia nzima kulia picha zao.

Leo ninayo moja inayong'aa. Ni XPG Spectrix S40G, diski ya SSD (ya chipu tupu, isiyo na kitu kinachozunguka) ya umbo la M.2 iliyotolewa mwaka 2019 na ADATA ya Taiwan, wenye jina hilo la XPG. Imekaa nyuma ya kioo kwenye mashine tunayohariria video za harusi, na ilivyotoka dukani ilikuwa inageuka zambarau, kijani, chungwa, kisha zambarau tena, iwe tunafanya kazi au tumelala. Nimeishi nayo vya kutosha kuwa na maoni, na maoni yangu hayahusu kama taa inapendeza. Inapendeza, tumalize hilo. Kinachonikera ni kwamba mwanga wote ule hausemi neno.

Waliokaa mbele ya kompyuta za miaka ya 2000 wanaikumbuka ile taa ndogo, nyekundu au ya chungwa, jirani na kitufe cha kuwashia. Hiyo ilikuwa taa ya diski na ilikuwa na lugha yake. Mashine ikiganda, jicho lilikimbilia pale kwanza. Inapepesa? Tulia, bado inahangaika na kazi. Imewaka moja kwa moja bila kupepesa, dakika zinapita? Kuna jambo. Imezima kabisa na kipanya hakisogei? Shikilia kitufe, anza upya. Kwenye intaneti kafe za wakati ule mhudumu alikuwa akikukaripia usizime mashine wakati taa inapepesa, na alikuwa na haki, maana diski ilikuwa katikati ya kuandika.

Sauti nayo ilikuwa habari. Hadidiski ya kawaida ya mezani huzungusha sahani zake mara 7,200 kwa dakika, na mkono wa kusomea unakwenda na kurudi juu yake. Fundi mzoefu aliinamisha sikio. Mvumo wa sawasawa ni afya, mikwaruzo midogo ni kazi nyingi, na ile "tak... tak... tak" inayojirudia ilimfanya aulize kabla ya kitu kingine chochote: "Ulikuwa na nakala?"

SSD ikaja ikanyamaza. Haina sahani wala mkono, kila kitu ni chipu. Hilo ni jema na sitaki kurudi nyuma, lakini tazama kilichotokea baadaye. SSD za kasi zaidi, ziitwazo NVMe, zilipohamia kwenye sloti ya M.2, inayochukua kadi ya upana wa milimita 22 na urefu wa 80 inayolala juu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), taa ile ya mbele ya kasha ikaanza kupoteza kazi. Viwango vya M.2 vimetenga pini maalumu, pini ya 10, ambayo diski inaweza kuitumia kuashiria kwamba inafanya kazi. Ila ni juu ya mtengenezaji wa mazabodi kuiunganisha na taa ya mbele au kuiacha ikining'inia, na mazabodi nyingi za mezani zimeiacha. Unakuwa na taa iliyoandikwa alama ya diski, nayo imetulia kama ya nyumba iliyohamwa, huku diski ndani ikimeza gigabaiti mbili kila sekunde.

Kwa hiyo katika miaka michache ileile, taa moja iliyokuwa na maana ilizimika, na nyingine nyingi zisizo na maana zikawashwa.

Zile za mwanzo zilizosambaa zilikuwa za inchi 2.5, za SATA, ule muunganisho wa zamani wa waya. Mwaka 2018 Team Group, nao wa Taiwan, walikuwa na T-Force Delta RGB. Kingston kupitia jina la HyperX walikuwa na Fury RGB. SATA inaishia gigabiti 6 kwa sekunde, ambayo mkononi ni kama megabaiti 550, hivyo hakukuwa na maajabu ya kasi. Kilichouzwa kilikuwa uso. Na uso ule ulidai waya wake: mmoja wa data, mmoja wa umeme, na wa tatu wa taa kwenda kwenye pini za RGB (nyekundu, kijani, bluu) za mazabodi. Kama mazabodi yako haina pini hizo, umenunua kioo.

Kisha wapimaji wakakuta kichekesho. Moja ya diski za kizazi kile ilikuwa na taa nyingi sana, zimebanana juu ya chipu, kiasi kwamba joto la taa zenyewe lilitosha kuipandisha diski hadi karibu nyuzi 70 za Selsiasi. Kidhibiti, yaani ile chipu inayoongoza nyingine zote, kimefundishwa kujilinda: joto likizidi, punguza kasi. Kikapunguza. Ukizima taa, kasi inarudi. Pambo lilikuwa linakula kile lilichokuja kukipamba.

Hesabu yake si ngumu. Taa moja ya rangi tatu ya aina inayotumika sana kwenye kompyuta, ya volti 5, hula takriban miliampia 20 kwa kila rangi. Zikiwaka zote tatu kwa nguvu yote ni miliampia 60, sawa na wati 0.3. Peke yake si kitu. Zikiwa nane ni wati 2.4, wakati diski ya NVMe ya kizazi cha tatu cha PCIe, ile njia ya data ya mazabodi, ikifanya kazi nzito hula wati tano hadi nane hivi. Sio tena kitu kidogo, hasa ukizipanga juu kabisa ya kidhibiti. Na hayo ni mahesabu ya maabara yenye hewa ya nyuzi 22 au 23. Njoo Dar mwezi wa pili, chumba kisicho na kiyoyozi, hewa yenyewe nyuzi 32 kabla hujawasha chochote.

S40G ilipita kona hii kwa akili zaidi. Taa zake huchukua umeme kwenye sloti ileile ya M.2, hakuna waya wa ziada, na juu yake kuna jalada la alumini linalosambaza joto huku mwanga ukipita kwenye mkanda wa plastiki. Unaichomeka, unakaza skrubu moja ndogo ya kukera (ukiidondosha ndani ya kasha utaitafuta kwa tochi ya simu), unawasha, inang'aa. Mazabodi nyingi siku hizi zinakuja na jalada lake la kupoza M.2, hilo huwezi kulirudisha juu ya diski yenye jalada tayari, inabidi ulihifadhi kwenye boksi. Na kabla hujalipa pesa, angalia sloti iko wapi. Ya kwanza mara nyingi iko kati ya prosesa na kadi ya michoro, inaonekana kidogo. Ya pili iko chini ya kadi ya michoro kabisa. Nimeona mtu amelipia upinde wa mvua na akauzika huko chini, taa inamulika mgongo wa kadi.

Kuna jambo moja kuhusu diski hizi ambalo huwa nalifikiria kila ninapoitazama, na sijaona likisimuliwa. Ndani ya kipande hiki cha sentimita nane vimekutana vitu viwili tu vya msingi: chipu za kuhifadhi na taa ya rangi tatu. Vyote viwili vina mizizi Japani, na vyote viwili viliishia mahakamani.

Chipu hizo za kuhifadhi, ziitwazo NAND, ni kazi ya Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba. Alionyesha aina ya kwanza ya kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, kisha akaja na NAND mwaka 1987. Wazo lenyewe ni la kunasa chaji ya umeme ndani ya seli ndogo iliyozungukwa na kizuizi, ili hata umeme ukizimwa chaji isitoroke. Simu yako, kadi ya kamera yako, flashi uliyoning'iniza kwenye funguo, vyote vinakaa juu ya wazo hilo. Mwaka 2004, akiwa ameshaondoka zamani, Masuoka aliishtaki Toshiba akidai yen bilioni 1 kwa mchango wake. Mwaka 2006 walipatana kwa yen milioni 87.

Taa sasa. Nyekundu ilikuwepo mapema. Nick Holonyak aliionyesha Marekani mwaka 1962 akiwa General Electric. Kijani nacho kilipatikana, japo hafifu. Rangi iliyowashinda watu kwa miongo mitatu ilikuwa bluu. Bila bluu huwezi kuchanganya rangi. Huna nyeupe, huna zambarau, huna huo upinde wa mvua. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Chuo Kikuu cha Nagoya walifungua njia kwa kutumia galiamu naitraidi, nyenzo ambayo wengi walikuwa wameikatia tamaa. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia huko mkoa wa Tokushima, akafanikisha taa ya bluu yenye mwanga mkali wa kuuzika. Ukiipaka bluu hiyo unga wa kugeuza rangi ya mwanga unapata nyeupe, na hiyo ndiyo balbu iliyoko darini kwako leo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Nichia walimpa Nakamura bonasi ya yen 20,000. Narudia, elfu ishirini. Akawashtaki mwaka 2001. Januari 2004 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ikaamuru alipwe yen bilioni 20, kiasi kilichotikisa kampuni zote za Japani. Kesi ikaenda rufaa, na Januari 2005 wakapatana kwa yen milioni 840 na ushee.

Sina hakika kama kuna pambo lingine dukani lenye historia ya kugombania haki kiasi hicho, na bado tunaliita "ka-taa ka gemu".

Turudi kwenye kasi, maana ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. S40G inatangazwa kufikia megabaiti 3,500 kwa sekunde kusoma na hadi 3,000 kuandika. Ni karibu na mwisho wa uwezo wa njia nne za PCIe ya kizazi cha tatu, ambazo kwa hesabu za karatasini zinapitisha kama megabaiti 3,900. Baadaye zikaja za kizazi cha nne. WD_BLACK SN850 ya mwaka 2020, ambayo nayo ilikuwa na toleo lenye taa, ilifika 7,000. Namba hizo si za uongo. Ila zinapimwa kwa kusoma faili moja kubwa iliyonyooka, na kompyuta haishindi ikifanya hivyo.

Kazi yetu, kwa mfano. Tunarekodi kwa kamera tatu, 4K, megabiti 100 kwa sekunde. Megabiti, sio megabaiti. Gawanya kwa nane, unapata 12.5. Kamera tatu zikicheza kwa pamoja kwenye meza ya kuhariria ni megabaiti 37.5 kwa sekunde. Hadidiski ya kizamani inayosoma 150 inazimudu kwa namba. Kinachoishinda ni kuruka: mkono wake unakimbia kutoka faili ya kamera ya kwanza kwenda ya pili, ya tatu, picha ndogo za onyesho, sauti, kisha nyuma tena. Kila mruko ni milisekunde kadhaa za kutofanya lolote. Hapo ndipo SSD inapoua, kwa sababu haina mkono wa kusogeza. Kwenye kusoma vipande vidogo vya kilobaiti nne, kimoja baada ya kingine, hadidiski haifiki hata megabaiti moja kwa sekunde. SSD ya SATA inatoa thelathini au arobaini. Yetu ya NVMe inatoa hamsini hivi.

Soma tena namba hizo mbili za mwisho. Arobaini na hamsini. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mkono wako unaihisi unapofungua programu, na ndiyo sababu mtu aliyehama kutoka hadidiski kwenda SSD yoyote anashangaa, na aliyehama kutoka SSD ya SATA kwenda ya NVMe anauliza kama ameichomeka vizuri.

Kuhamisha kadi za kamera ni kisa kingine. Baada ya sendofu, kijana analeta kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa. Kadi ya kawaida ya UHS-I inatoa kama megabaiti 90 kwa sekunde, kwa hiyo ni dakika kumi na mbili, hata uwe na diski gani. Diski yetu ingemeza mzigo ule kwa sekunde ishirini na kitu kama kadi ingeweza kuumwaga. Ni kuweka pipa la lita elfu chini ya bomba linalodondosha. Ukitaka kuharakisha hapo, nunua kadi na kisoma kadi bora, achana na diski.

Inapoonyesha thamani yake kweli ni tunaponakili harusi nzima kutoka SSD moja kwenda nyingine, na tunapotoa video ya mwisho huku tunahariri nyingine. Hata hapo kuna ujanja wa kuujua. Chipu za TLC huhifadhi biti tatu katika kila seli, na kuandika biti tatu ni kazi ya taratibu. Basi diski hutenga sehemu ya nafasi iliyo wazi na kuiandika kwa muda biti moja kwa kila seli, haraka haraka, halafu ikipata upenyo inazipanga upya tatu tatu. Sehemu hiyo ikijaa kabla hujamaliza kunakili, kasi inaanguka kutoka maelfu hadi mamia. Na kadiri diski inavyojaa, sehemu hiyo inazidi kuwa finyu. Ndiyo maana tunajitahidi kuacha robo yake wazi, na ndiyo maana mtu anayejaza diski hadi mstari mwekundu asishangae ikianza kuburuza miguu.

Kuhifadhi harusi za miaka iliyopita tunatumia hadidiski bado, zile za kelele, zipo kabatini mbilimbili. Chaji iliyonaswa kwenye seli huvuja polepole, na joto linaiharakisha. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa diski za watumiaji wa kawaida kinadai data ikae mwaka mmoja bila umeme kwa nyuzi 30, na hiyo ni diski iliyokwisha kuandikwa hadi mwisho wa kiwango chake. Diski mpya itakaa zaidi. Lakini kabati letu halijawahi kuona nyuzi 30 mwezi wa pili. Huwa liko juu ya hapo.

Umeme pia. Diski za kununua madukani hazina zile kapasita kubwa zinazowekwa kwenye diski za seva ili kumalizia kuandika umeme unapokatika ghafla. Weka UPS. Pesa ya taa iweke kwenye UPS kwanza, ikibaki ndiyo ununue taa.

Nimesema mengi kama mtu anayezichukia, na mwenzangu wa ofisini akisoma hapa atacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka kasha la kioo. Sababu ni biashara. Kwetu mteja wa harusi hafiki peke yake, inakuja kamati. Mwenyekiti, mweka hazina, shangazi wa bibi harusi, wakati mwingine na mtu ambaye hakuna anayejua anawakilisha upande gani. Wanakaa kwenye viti, wanataka kuona vipande vya mwanzo kabla ya kumalizia malipo. Hawajui kizazi cha tatu wala cha nne. Wanachoona ni chumba chenye mashine inayowaka ndani kama jukwaa la tamasha, na sura zao zinalegea.

Mama mmoja wa makamo, tulipokwisha salimiana, aliisogelea akainama kwenye kioo.

"Mwanangu, hii ndiyo inayotengeneza?"

"Ndiyo mama, video zote zinakaa humo."

"Humo kwenye taa?"

"Humohumo kwenye taa."

Akageuka kwa mweka hazina: "Hawa watu wana vifaa." Malipo yalikamilishwa wiki ileile. Prosesa inayofanya kazi yenyewe imefunikwa na feni nyeusi isiyo na taa yoyote, na hakuna aliyewahi kuiuliza habari zake. Kwa hiyo siwezi kusema taa haina kazi. Kazi yake ni ya bango la dukani, na bango zuri linalipa kodi.

Tatizo la bango ni kwamba yeyote anaweza kulichora. Ukizunguka Kariakoo, na zaidi ukizunguka kwenye kurasa za kuuzia vitu mtandaoni, utakutana na diski za terabaiti kadhaa kwa bei ya kutia shaka. Taa ya LED inanunuliwa kwa senti. Kidhibiti kizuri na NAND safi hainunuliki hivyo. Kuna diski zinazojitangaza kwa kompyuta kuwa kubwa kuliko zilivyo. Unaandika, zinapokea kwa adabu, kumbe zimeanza kufuta ulichoandika mwanzo. Nikinunua ya mahali nisipopajua, naijaza yote kwa programu ya H2testw na kuisoma tena kabla haijagusa kazi ya mtu. Linux kuna f3, kazi ni ileile. Kisha CrystalDiskInfo, kuangalia saa ilizokwisha kufanya kazi. "Mpya" yenye saa elfu nne si mpya. Na hata kwa bidhaa halali, viwanda vimewahi kubadilisha kidhibiti au aina ya NAND ndani ya diski bila kubadilisha jina wala boksi, na waliogundua ni wapimaji walioifungua. Taa ilibaki ileile.

Programu za kuendesha rangi ni kero ya pekee. ASUS wana Aura Sync, MSI wana Mystic Light, Gigabyte wana RGB Fusion, ASRock wana Polychrome, na XPG nao wana ya kwao. Kila moja inataka kuanza pamoja na Windows, inataka ruhusa za juu, na mbili zikikutana kwenye mashine moja zinagombea taa kama ndugu wawili na rimoti ya televisheni. Diski inakuwa kijani, feni inakuwa nyekundu, na memori imeganda kwenye rangi ya jana. Kwa mashine ya kazi mimi nilizifuta zote.

Baada ya kuzifuta ndipo dogo tunayefanya naye kazi, ambaye hupenda kuchokonoa, akaja na wazo. Kuna programu huria inaitwa OpenRGB, inayojaribu kuzungumza na taa za kampuni zote bila programu zao. S40G imo kwenye orodha yake.

"Kaka, joto la diski si tunalisoma kwa smartctl?"

"Tunalisoma."

"Sasa kwa nini taa isituambie yenyewe?"

Akaandika mistari michache. Kila baada ya muda kompyuta inasoma joto la diski; likiwa chini ya nyuzi 50 taa inakuwa bluu tulivu, kati ya 50 na 65 inakuwa njano, likipita hapo inakuwa nyekundu. Hakuna mawimbi, hakuna kupumua, hakuna upinde. Rangi zinazowezekana ni 256 mara 256 mara 256, yaani milioni 16.7, na yeye alichukua tatu.

Faida yake ilionekana mapema. Tulikuwa tunatoa video ya harusi ya saa nne, mimi niko upande wa pili wa chumba na simu sikioni, nikaona nyekundu kwenye kioo. Hakukuwa na ujumbe wowote kwenye skrini. Programu ya kuhariri ilikuwa inaendelea, taratibu tu kuliko kawaida, na hakuna ambaye angeshangaa kwa harusi ndefu vile. Tukafungua mbele ya kasha. Kichujio cha feni kilikuwa kimevaa blanketi la vumbi, hewa haiingii. Kikapigwa brashi pale pale mlangoni, kikarudishwa, na kabla bi harusi hajafika kwenye kukata keki taa ilikuwa imerudi njano.

Naona hiki ndicho ambacho viwanda vingepaswa kukiweka tangu mwanzo, na kwa gharama ileile. Taa wanayo. Kihisi joto kipo ndani ya diski tayari, ndicho kinachoiambia ipunguze kasi. Kuna pia hesabu ya kiasi cha data kilichokwisha kuandikwa, ambayo diski inaitunza yenyewe. Kila habari ambayo fundi wa zamani aliisaka kwa sikio, diski ya sasa inaijua kwa namba, imekaa nayo sentimita moja kutoka kwenye taa, na taa inacheza disko. Kuandika mstari mmoja ndani ya programu ya diski, "ukipita nyuzi 70 kuwa nyekundu", hakuongezi hata skrubu.

Mpaka wafanye hivyo, mistari ya dogo inaendelea. Ilipata upinzani mmoja tu, kutoka kwa kamati. Shangazi mmoja aliyewahi kuja kwenye harusi nyingine alirudi na kamati mpya, akatazama kioo, akaona bluu imetulia.

"Ile mashine yenu ya taa mmeuza?"

"Ni ileile, shangazi."

"Hapana. Ile ilikuwa inabadilika."

Dogo ameongeza amri ya pili. Wageni wakipiga hodi tunabonyeza, upinde wa mvua unarudi, na wakishatoka tunarudisha bluu.